Hereni Marufuku Kazini

Saa ya kunawa mikono kwenye kituo cha kulelea watoto, mlezi wa chumba cha wakubwa aliinama kumfunga Kijino kamba za viatu. Kijino alikuwa na miaka minne, na jina hilo alilipata kwa kung'ata wenzake. Akaishika hereni ya mlezi, akavuta. Sikio la kushoto likang'oka zima, kama kifungo kilicholegea uzi. Akalitia mfukoni, akaenda kunawa.

Mlezi alibana pamba penye kidonda, akaendelea kuwapangusa watoto mikono. Alipopata nafasi ya kuupekua ule mfuko, mtoto alikuwa ameshachukuliwa.

Jioni, akiwa kwake anamenya viazi, sikio likaanza kumletea mambo. Alisikia mkanda ukichomolewa kwenye suruali, na mwanamume akiuliza kwa upole kwa nini mboga haina chumvi. Kisha akausikia mkanda wenyewe. Kiti kilianguka. Kichwa cha mtu kiligonga ukuta, kikagonga tena. Mlezi aling'ang'ania kisu mpaka kukawa kimya, ndipo akaona amejikata na viazi vimekuwa vyekundu.

Asubuhi alimweleza mkuu wa kituo.

"Baba yake Kijino ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi," mkuu alisema.

"Ndiye niliyemsikia, mama."

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, mdogo wangu. Sisi tuna letu. Mfanyakazi anang'olewa sikio mbele ya watoto, wazazi watatuelewaje?"

Kamati ikakutana kupanga mavazi ya wafanyakazi. Mwenyekiti aliongoza kikao vizuri, bila kupandisha sauti. Kucha ziwe fupi, viatu vifunike vidole, nywele zifungwe, hereni marufuku.

"Usalama wa mtoto kwanza," alisema, na wazazi wakapiga makofi.

"Na akiwa nyumbani?" mlezi aliuliza.

Mwenyekiti alipatazama pale palipokuwa na sikio. "Tuongeze vitambaa vya kichwa," alisema. "Vifunike masikio, au pahala pake."

Walibishana kuhusu rangi kuliko walivyobishana kuhusu jambo lingine lolote. Kijani ikashinda.

Mlezi alimchukua Kijino pembeni. "Sikio langu umelipeleka wapi, mwanangu?"

"Nimempa mama. La kwake baba amelipasua, halisikii."

Mama yake alipokuja kumchukua, aliusogeza mtandio kidogo. Sikio lilikuwa limemkaa vizuri, ila lilimzidi weusi kidogo, na ndewe, pale hereni ilipovutwa, ilikuwa bado imechanika.

"Nilitaka kukurudishia, dada," alisema. "Lakini tangu nilivae, namsikia akiwa bado barabarani. Napata muda wa kumficha mtoto kabatini. Zamani alikuwa anatukuta wote wawili."

"Kaa nalo."

"Na wewe yote unayasikia?"

"Yote."

"Pole, dada."

"Pole mwenyewe."

Usiku huo mwanamke alivunjwa mkono. Mlezi aliusikia ukivunjika, mlio mdogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiti kikavu. Kesho yake alivaa kitambaa cha kijani, akaomba ruhusa, akaenda polisi.

Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, akampa na kiti.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa kwangu, mtaa wa pili."

"Sasa ulisikiaje?"

"Kwa sikio langu."

"Liko wapi?"

"Analo mkewe, kalivaa."

Askari alitikisa kichwa kwa huruma. Kesi kama hizo zimewahi kufika mahakamani, alieleza, lakini kidhibiti lazima kiwepo. "Mwambie alivue, ulilete hapa. Litakaa kwetu mpaka hukumu. Tukiwa nalo, huyo bwana tunamkamata leo leo."

"Hukumu inachukua muda gani?"

"Inategemea. Mwaka. Miwili."

Mlezi alifikiria, akamshukuru, akarudi kazini kulaza watoto.

Jioni alisikia gari likikata kona. Alisikia mlango wa kabati ukifungwa taratibu, kisha hatua za mwanamke zikirudi sebuleni, kwenda kumpokea mumewe.