Nguo ya Kompyuta

Viatu vya bosi nilivijua kabla hajafika. Kimoja kililia kidogo kila alipokanyaga, na asubuhi ile ya Jumatatu nilikisikia kikitoka mlangoni kwake, kikaipita meza ya wahasibu, kikaja hadi kwangu na kunyamaza. Nilikaza mgongo. Vidole vilikuwa juu ya kibodi, kisikilizio kimoja sikioni, na mbele yangu kompyuta mpya imevishwa kitambaa kuanzia juu hadi chini ya skrini. Nilisubiri aseme neno. Hakusema. Kisha kiatu kikalia tena, kikarudi kilikotoka, na mlango ukafungwa.

Basi, nikajiambia, kazi imekwisha. Mtu mwenye habari njema harudii njiani.

Macho yangu yalikuwa yameanza kuniaga, tena kuanzia katikati. Daktari aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba doa lile litazidi kutanuka, na pembeni patabaki mwanga kidogo wa kunisaidia nisijigonge kwenye milango. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Siku nzima hutazama maandishi madogo na kujiuliza kwa nini hayafanyi nilichoyaambia. Nilipomweleza bosi hakunifukuza, hilo lazima niliseme. Alinikabidhi kompyuta mpya, yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kinachotokea kwenye skrini, akaniambia nikae nayo nyumbani wiki nzima niizoee. Jumatatu angekuja kukaa kando yangu aone ninavyofanya kazi. Ikishindikana, kulikuwa na nafasi ya kupokea simu za wateja. Aliitaja nafasi hiyo kwa upole sana, na upole wenyewe ndio ulioniuma. Sikutaka kupokea simu. Sikujua kazi nyingine niliyoipenda zaidi ya ile niliyokuwa nayo.

Sanduku tulilifungulia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mama ni fundi cherehani, na ile ndiyo meza pekee kubwa nyumbani kwetu. Kompyuta iliyokuja kunisemea ilikuwa yenyewe bubu, mpaka mtu mwenye macho aijibu maswali yake ya mwanzo, kwa hiyo dada yangu aliacha wateja wake wa kusuka akaja kuniazima macho. Dada ana subira na nywele tu.

"Inauliza kama unakubali," alisema.

"Kukubali nini?"

"Yameandikwa mengi. Nimeshakubali."

Tulipofika kwenye kuchagua sauti, ndipo aliposhika shughuli kikamilifu. Alizisikiliza zote na kuzikataa mojamoja, utadhani anamposea mdogo wake: huyu ana mafua, huyu anajisikia, huyu anaongea kama anadai. Mwishowe akaridhika na sauti ya mwanamke, akasema huyu ametulia. Mama alisimamisha cherehani.

"Basi mkaribisheni mkwe," akasema.

Tangu hapo sauti ile ikawa mkwe. Maneno ya programu aliyasoma vizuri, lakini kila alipokutana na maelezo niliyoandika kwa Kiswahili aliyatamka kama mwenye chakula cha moto mdomoni, na mama alikuwa akimhurumia. Nilipomwongezea kasi, kama wafanyavyo waliomzoea, mama akauliza kama tumemuudhi.

Nilihamisha faili zangu, nikaweka vifaa vyangu vya kazi, nikakumbushana na dada maneno ya siri niliyokuwa nimeyasahau. Kompyuta ilikuwa tayari. Aliyekuwa hajawa tayari ni mimi. Nilimsikiliza mkwe, lakini macho sikuyaachia. Nilikuza herufi mpaka neno moja likajaa skrini nzima, kisha nikageuza shingo upande ili nilinase kwa pembe ya jicho, kama kuku anayechungulia punje. Sikio likawa mstari huu, jicho mstari ule. Ijumaa, baada ya kurekebisha programu yangu ya mazoezi tangu asubuhi, nilifuta mstari mzima uliokuwa sawa, nikauacha mbovu, nikahifadhi. Programu ikagoma hata kuwaka. Nilipiga meza kwa ngumi, na pini za mama zikatawanyika sakafuni.

Mama hakuziokota. Alisimama, akachukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja, akaitupia skrini.

"Mama, sioni."

"Hata ilipokuwa wazi ulikuwa huoni," alisema. "Unajitesa shingo tu. Msikilize mkwe."

Nilikasirika. Nilitaka kukitupa kile kitambaa dirishani, na yeye nimwambie maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilikaa hivyo mpaka hasira ikakosa pa kwenda. Kisha nikabonyeza kitufe cha kwanza, nikasikiliza mstari wa kwanza, nikashuka kwenye wa pili. Mkwe ana desturi moja: mstari ukianzia ndani zaidi ya uliotangulia hutoa mlio mwembamba, ukitoka nje mlio mzito. Nikaanza kuisikia programu yangu ikiingia chumba na kutoka, ikiingia na kutoka, mpaka nikafika mahali ambapo mlango ulikuwa umefunguliwa na haukufungwa. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikapatengeneza. Shingo haikuuma. Nililia kidogo, na mama akainama kuokota pini zake kana kwamba hasikii.

Jumapili aliipima kompyuta kwa futi yake, akaikatia nguo kamili yenye lastiki pembeni. Alitarizi kitu mbele huku akinong'onezana na dada. Nilipapasa nyuzi zilizoinuka nikamuuliza ametarizi nini.

"Maua," alisema.

Dada akakohoa.

Na ndivyo nilivyofika ofisini Jumatatu, na ndivyo bosi alivyokuja na kuondoka. Kwa kuwa niliona sina cha kupoteza tena, nilifanya kazi. Nilikuwa nimepewa hitilafu kwenye programu ya duka la dawa, iliyokuwa ikiwakumbusha kumeza dawa wagonjwa waliokwisha kumaliza dozi. Ofisi ilikuwa kimya ajabu. Siku nyingine watu hupigiana kelele toka meza hadi meza, na chaja yangu huchukuliwa bila hodi. Siku ile walikuja karibu, wakashusha sauti, wakaondoka kwa kunyata, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Niliona wananihurumia, na nikawachukia wote.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshaipata hitilafu, nikairekebisha na kuituma. Kiatu kikalia tena. Safari hii bosi alibisha hodi mezani.

"Sasa naruhusiwa?"

"Kufanya nini, bosi?"

"Kuongea na wewe. Asubuhi nilikuja, nikasoma, nikaona nirudi." Alivuta kiti. "Hiki kitambaa chako kimeandikwa. 'Yuko kazini. Asisumbuliwe na mtu, hata bosi.'"

Wa kwanza kucheka alikuwa kwenye meza ya wahasibu, kisha ofisi nzima ikaachia kicheko ilichokuwa imekibana tangu asubuhi. Nilipitisha vidole kwenye maua ya mama, petali kwa petali, na kila petali likawa herufi. Masikio yaliwaka moto. Kisha nami nikacheka.

"Ile ya duka la dawa nimeiona," bosi alisema kelele zilipotulia. "Umeirekebisha ukiwa umefunika skrini."

"Ndiyo."

Aliinuka, akarudisha kiti mahali pake.

"Nafasi ya simu nitamtafutia mtu mwingine," akasema, na kiatu kikaenda zake.

Kompyuta ile imekwisha kustaafu, na iliyofuata pia. Kila mpya ikija, mama huipima kwanza, na dada huja kuipitisha kwenye maswali yake na kukubali kila kitu. Mkwe ni yuleyule.

Jioni ya Jumatatu ile nilipofika nyumbani cherehani ilikuwa ikikimbia. Mama aliongea kwa mdomo uliojaa pini, akauliza maua waliyaonaje.

"Wameyapenda," nikamwambia. "Hasa bosi."

Cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.