Mkasi wa Kilomita ya Nne

Mimi ni fundi bodi wa magari, na hasira zangu ziko mkononi. Kaka alilijua hilo, ndiyo maana asubuhi ile aliniomba nyundo yangu ibaki nyumbani. Nikamjibu kwamba fundi haendi kukagua bati mikono mitupu. Laiti ningemsikiliza.

Tulikwenda kununua gari la rali la Kitaliano, jekundu, milango miwili, taa nne kubwa usoni, lililonizidi umri. Kaka alilitaka kwa mashindano ya magari ya zamani, na halikufaa jingine ila hilohilo, kwa sababu ndimo alimofia baba yetu.

Baba alikuwa fundi cherehani. Siku za mashindano alikaa kiti cha pembeni na daftari mapajani, akimsomea dereva njia: kona ya upande gani, ukali wake namba ngapi, wapi pana jiwe. Siku yake ya mwisho alimsomea dereva ambaye hakuwahi kukaa naye, kwa kuwa msomaji wa siku zote wa dereva huyo alishikwa na homa. Kilomita ya nne, gari likaingia kwenye mwamba. Dereva akatoka na michubuko na neno moja mdomoni: "Alinipoteza." Neno likashika. Mama akazeeka akiitwa mke wa Mpotezaji. Kaka, anayejua kuendesha kuliko wote wanaomcheka, hakupewa gari na mtu yeyote. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema. Alichotaka ni kuimaliza njia ile, ndani ya gari lile, mbele ya macho yao.

Dereva huyo, waliyemwita Bingwa, ndiye muuzaji. Dalali ndiye aliyezungumza naye, kwa hiyo hakujua sisi ni nani. Alikuwa mzee wa miraba minne, na karakana yake ilikuwa safi kuliko jiko langu, spana zimetundikwa ukutani kwa kufuata urefu.

"Karibuni wanangu, kagueni mpaka mchoke," alisema akicheka. "Halijaguswa hili, isipokuwa pua tu."

Wakaguzi wa mashindano yale hawataki bati la kubandika, basi nikaingia chini na nyundo yangu, nikigonga taratibu. Bati zima hulia, lenye kiraka huguna. Nilipofika puani nikasita. Mihimili yote miwili ya mbele ilikuwa imekunjwa na kunyooshwa, kulia sawa na kushoto. Gari lililojaribu kona hugonga kwa bega. Hili liligonga kwa paji la uso.

Nikatoka chini. "Mzee, ile kona hukuikata."

Kicheko kikamkauka. "Kona ipi?"

"Ya kilomita ya nne. Usukani ulikuwa umenyooka. Hata hukujaribu!"

Alinitazama, akamtazama kaka. "Kumbe nyinyi ni watoto wa yule fundi cherehani."

"Ulimuua baba yetu," nikasema.

"Mimi? Yeye ndiye nusura aniue! Mpotezaji mkubwa yu—"

Sikumwacha amalize. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya boneti, nikaushushia nyundo. Vidole vikalia kama kuni kavu. Alinguruma, akanitandika ngumi ya kushoto, mdomo ukanijaa damu, nikaangukia ukuta na spana zikatumwagikia. Kisha akanikaba koo, akanibana juu ya boneti hadi macho yakaingia giza. Kaka alikuja na spana ya magurudumu, akampiga nayo gotini. Mzee akaanguka. Kaka akamkalia kifuani, akampiga uso, akampiga tena, jino likaruka kwenye sakafu. Niseme kweli, nilifurahi.

"Mmalize!" nilipiga kelele. "Mmalize, kaka!"

"Alisema nisikate!" Bingwa alilia, damu ikimtoka puani. "Usikate, alisema usikate! Haki ya Mungu, nami sikukata! Lisomeni daftari lake kama mnalo!"

Spana ikaganda hewani. Daftari tulikuwa nalo. Hospitali ilimpa mama pamoja na nguo za marehemu, na siku ile lilikuwa mfukoni mwa kaka. Alilifungua kwa vidole vyenye damu, ingawa mstari ule tunaujua tangu utoto: *Kulia tatu, usikate.* Kando yake, kwa penseli, baba alikuwa amechora mkasi mdogo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jiwe lilijificha ndani ya kona, na baba alimaanisha usiikate kona kwa ndani, pita kwa nje. Kwa fundi cherehani, kukata ni kupitisha mkasi. Lakini mtu wa barabarani ukimwambia kata kulia, anageuza kulia. Bingwa aliambiwa kulia, usikate, akatii, akanyoosha hadi mwambani. Mkasi hakuuona. Dereva husikia tu, na ule ulikuwa mkasi wa kwanza katika daftari, wala neno hilo hakuwahi kulisikia kwa baba kabla ya hapo.

Hakuna aliyempoteza mwenzake. Nililia, si kwa huruma, ni kwa hasira iliyokosa mwenyewe.

Tulimbeba hadi hospitali. Njiani aliomba daftari, akalitazama kwa jicho moja lililofunguka. "Mkasi," alisema. "Hakuniambia kuna mkasi."

Vidole viwili havikuokolewa. Vilikatwa. Polisi alipomuuliza, akasema jeki iliteleza. Gari alituuzia.

Usiku wa kuamkia mashindano nilichukua kalamu, na kila palipoandikwa *usikate* nikaandika *kaa nje*. Mikasi sikuifuta. Msomaji wa kaka ni mimi, nani mwingine angekubali?

Kilomita ya nne nikasoma, "Kulia tatu, kaa nje!" Kaka akakaa nje, jiwe likatupita kwa ndani. Baada ya kona watu walikuwa wamejipanga kandokando, walewale waliomcheka kaka, na mbele yao Bingwa, gongo kwapani, akiwaeleza jambo kwa sauti kubwa huku vidole vya kushoto vikikata hewa kama mkasi. Alipotuona akainua mkono wa kulia. Vidole vitatu.

Nikasahau mstari uliofuata.

"Soma!" kaka alipiga kelele. "Soma, dada!"

Nikasoma.