Mayai Thelathini na Nane, Alama Juu

Yai la mamba ukiligeuza, umeua. Mtoto amejishikiza upande wa juu. Ukimpindua, anazama ndani ya yai lake mwenyewe. Ndiyo maana sisi waokota mayai tunatembea na penseli. Kabla hujalitoa kiotani unalitia alama juu, na hiyo alama iendelee kutazama mbinguni mpaka shamba la kutotolea.

Siku hiyo alikuja mkaguzi, na roho ya kinamasi chetu ilikuwa kwenye kalamu yake. Kiwanda cha chumvi kilishaomba kukausha maji yote, king'oe mikoko, kichimbe mabwawa ya kuanikia. Kilichokizuia ni kibali chetu tu: kinamasi kinabaki kinamasi maadamu kinatoa mayai hai, na nusu ya viota haiguswi. Mkaguzi akikuta mayai yamegeuzwa, kibali kimekwenda, trekta zinaingia.

Nilikuwa napanga la thelathini na nane sandukuni, magoti yamo topeni, mke wangu amekwisha kuyatia alama yote na sasa akilinda na kasia, aliposema taratibu, "Baba Mapacha, mwenyewe karudi."

Watu husema natia chumvi, lakini mamba yule alikuwa mrefu kuliko mtumbwi wetu, na macho alimnyang'anya mama mkwe wangu. Mkaguzi, mtu mzima na tai yake shingoni, aliparamia mkoko hata ngedere angemwomba amfundishe. Mimi kupiga chafya tu sikuthubutu. Sanduku nimelikumbatia, nikikimbia linapinduka, nikisimama naliwa.

"Usiinamishe," mke wangu akasema.

"Na mguu wangu je?"

"Mguu unao mwingine."

Mamba akafungua kinywa. Pumzi yake ilinuka samaki wa juzi. Mke wangu hakumpiga. Alisogea kando kidogo, akaanza kukifukia kiota kwa kasia, majani juu ya majani, polepole kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mamba akawa anamwangalia. Kisha kinywa kikafungwa. Akapanda juu ya lundo lile la majani, akajilaza, akalinda shimo tupu.

Nilirudi kinyumenyume hatua arobaini, tope mpaka mapajani, sanduku limetulia kama chai inayopelekwa kwa mgeni. Chini ya mkoko nikaliinua. Mkaguzi akagoma kushuka. Alihesabu kutoka tawini, mara mbili, akachungulia alama moja moja, kisha akauliza kama kweli hakuna lililogeuka, maana ameshaonywa kuhusu ulimi wangu. Nikamwambia ulimi ni wangu, lakini mikono iliyotia alama ni ya mke wangu. Akasaini hukohuko juu, karatasi imelala gotini.

Mimi nilicheka mpaka sanduku likataka kutikisika. Mke wangu hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama juu ya kiota chake.

"Anadhani tumemsaidia," akasema, akausukuma mtumbwi majini.