Kiti cha Mbele cha Landrova

Kabla Ismaily hajaleta lile Landrova, uani kwetu Kibiti palikuwa mahali pa mtu kukaa. Palikuwa na jiko langu la mafiga, banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo. Siku mume wangu na vijana wa mtaa walipolisukuma likapita kwenye pengo la ua wa makuti, kuku walihamia kwa jirani, na mimi na mafiga yangu tukahamia nyuma ya choo. Niliambiwa ni kwa muda mfupi tu. Nilizaa, nikanyonyesha na nikaachisha ziwa, gari bado liko uani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala, magari yake yameota majani, na wanunuzi wapya wa korosho walikuwa wanakuja na mizani zao wenyewe. Mwenye gari lolote linalotembea alikuwa mtu. Ismaily alilitaka jina hilo kuliko chakula. Alilifumua lile Landrova mpaka likabaki mifupa. Kichwa kilichooza akakikata, akakitengeneza upya kwa bati la mapipa. Bodi ya nyuma akairefusha, akaipiga mbao za mkongo. Springi akang'oa kwenye lori bovu, akazipachika juu ya zile za zamani ili gari lihimili magunia na matope ya bondeni. Kiti cha mbele alikishona mwenyewe, na sponji yake, msinicheke, ilitoka kwenye godoro letu. Alilikata ubavuni. Tangu siku hiyo tulilala kwa zamu za kugeuka.

Lakini lilipowaka, nilisahau godoro. Lilipakwa rangi ya kijani, likatoka uani linanguruma, watu wamejipanga barabarani kama kuna harusi. Mume wangu kichwa nje ya dirisha, kofia upande. Niliona fahari, siwezi kuikana.

Kitu kimoja tu kilinikera. Hakumpa mtu usukani. Aliyeomba kujaribu aliambiwa kwamba gia za gari lile zimepangwa upya, ya kwanza haiko pale watu walipoizoea, na atakayezichezea ataziua. Hata kaka yangu Shaabani, aliyeendesha malori ya ushirika tangu sijaolewa, aliambiwa hivyo hivyo. Shaabani alitabasamu akaondoka. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, ila usukani anaujua kama mimi ninavyoujua mwiko.

Sasa mama akaugua. Mama yetu, Bi Tabu, alikuwa anakaa Mtawanya. Tumbo lilimvimba upande mmoja, na kule zahanati wakasema asikae, apelekwe mjini upesi. Nilimwambia Ismaily, na kusema kweli hakusita. Alisema gari ni la mama. Nilifurahi mno, nikatoa kanga mpya sandukuni.

Furaha ile iliishia mlangoni kwa mama, asubuhi tulipokwenda kumchukua. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani mmoja anapinda kando, na salamu inapita huku macho yako chini. Haiwezekani mama akae mbele, bega kwa bega na Ismaily, kutwa nzima. Shaabani alikwisha kulifikiria hilo.

"Shemeji," alisema, "nipe mie usukani. Mama akae mbele nami kwenye sponji, wewe na mkeo Swaumu mkae nyuma. Mambo yamekwisha."

"Shemeji, ingekuwa gari jingine sawa," Ismaily akajibu. "Gia hizi hutaziweza."

"Nionyeshe."

"Si za kuonyeshwa njiani na mgonjwa yumo."

Nilimtazama mume wangu, naye akawa anatazama tairi. Basi mama akapandishwa nyuma. Na huko nyuma hakukuwa kutupu. Zile springi za lori zilitaka mzigo. Gari likiwa tupu linarusha watu kama ungo unavyorusha pumba. Kwa hiyo Ismaily alikuwa amepakia magunia ya korosho ya mfanyabiashara mmoja, Maneno, ili, alivyosema, gari litulie na mama asiumie. Na Maneno hauachi mzigo wake uende peke yake. Alipanda naye. Mnadhani alikaa wapi? Alikaa mbele, kwenye godoro langu.

Mama yangu alilala juu ya magunia ya mtu, nimempakata kichwa, Shaabani kamzuilia miguu isiteleze. Kila shimo mama alifumba macho. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonimaliza, maana angelalamika ningempigia mume wangu kelele. Tulipopita kwenye vibanda vya watu nilijifunika kanga mpaka puani. Niliona haya ya mume, haya ya gari, haya ya ile rangi ya kijani niliyoishangilia. Watu walikuwa wanatupungia mkono.

Bungu tulisimama kwa sala ya adhuhuri. Ismaily hakuzima injini, kwa sababu likizimwa kuwaka kwake ni mpaka lisukumwe. Aliteremka, akatia jiwe mbele ya gurudumu, akaenda msikitini pamoja na Maneno. Sisi tukabaki juani. Mwanaharusi, mwanamke wa pale anayeuza machungwa, aliyechezwa unyago pamoja na mama, akatuona, akaja mbio.

"Tabu, ni wewe uliye juu ya magunia?" aliuliza. "Na mbele mbona nimeona kakaa mwanamume mzima wa afya?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akanyanyua kichwa.

"Nimetaka mwenyewe, mwenzangu," alisema. "Mbele joto. Mkwe wangu kanisihi, mie ndiye niliyekataa."

Mwanaharusi akanitazama mimi. Alitumenyea chungwa, akarudi kwenye meza yake iliyokuwa mbele kidogo, chini ya mkorosho wenye kivuli.

Kile kivuli ndicho kilichomtia Shaabani majaribuni. Jua lilikuwa linamchoma mama usoni, na kanga niliyomtandia haikusaidia. Kaka yangu akashuka, akaliondoa jiwe, akaingia kwenye usukani. Nikamwambia, "Kaka, gia." Akasema, "Mpaka pale tu."

Akatia gia ya kwanza. Ilikuwa pale pale gia ya kwanza inapokaa katika magari yote. Gari likaondoka taratibu, bila kelele wala kukwaruza. Tukafika kivulini. Gari halikusimama. Nikamsikia Shaabani anakanyaga, tena anakanyaga, kisha meza ya Mwanaharusi ikavunjika, machungwa yakamwagika barabarani, na gari likasimamia kwenye shina la mkorosho. Mama alisukumwa akajigonga kwenye mbao za bodi. Alitoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Watu wakajaa. Ismaily alitoka msikitini anakimbia, miguu peku. Alitazama gari, akatazama mama, akatazama watu. Kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Nilisema. Gia hizi nilisema."

"Gia zako ni kama za gari lolote, shemeji," Shaabani alisema polepole.

"Basi umekanyaga klachi ukidhani breki."

Watu wakaguna. Mmoja akauliza huyu ni dereva wa nini, mwingine akajibu wa mkokoteni, wakacheka. Kaka yangu alisimama pale na mikono yake imelegea. Hawezi kubishana na mume wa dada yake barabarani, na Ismaily alilijua hilo. Alikuwa ananunua jina lake kwa jina la kaka yangu, mbele ya mama yetu mgonjwa.

Na mimi nilijua. Nimekaa kwenye lile Landrova mara nyingi nikaona mguu wake wa kulia unavyopiga piga, hauachi, kila tunapokaribia watu au mtelemko. Nilidhani ni tabia, kama wengine wanavyotikisa goti. Pale Bungu ndipo nikaelewa kwamba habari ya gia ilikuwa ua wa makuti tu, na kilichofichwa nyuma yake ni breki. Angempa Shaabani usukani, kabla ya kufika kituo cha kwanza Shaabani angejua. Kwa hiyo mama akapandishwa kwenye magunia.

Nilifungua mdomo niseme, watu wote wasikie. Mama akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Nyamaza," alisema. "Huyo ni mumeo. Niteremsheni."

Tukamteremsha, mimi na Shaabani. Akatembea kwa kushika bodi mpaka kwenye mlango wa mbele, ambako Maneno alikuwa amekwisha kurudi mahali pake.

"Baba, nipishe," mama akamwambia. "Ntakaa hapa."

Hata waliokuwa wanaokota machungwa waliacha. Ismaily alirudi nyuma hatua kama aliyemwagiwa maji.

"Mama," alisema, macho chini, "haifai."

"Haifai, mwanangu, najua. Umri wangu wote nimeishika adabu hiyo. Lakini mjini bado mbali, na mie nataka nikae karibu nione breki inavyokanyagwa."

Akapanda, Shaabani akimsukuma mgongoni. Akakaa kwenye sponji, akajitanda kanga, akatazama mbele. Kiti cha dereva kilikuwa wazi ubavuni pake kinamngoja mkwewe.

Ismaily hakupanda. Alizunguka gari, akafika kwenye mlango wake, akashika kitasa, akakiacha. Kisha akachuchumaa pale pale chini, kama anavyochuchumaa mtu aliyeletwa mbele ya wazee, akasema akilitazama gurudumu.

"Mama, breki haishiki. Haijapata kushika vizuri hata siku moja. Mipira ya ndani nimekata kwenye kandambili. Mafuta ya breki nilikosa, nimetia maji ya sabuni. Mpaka uipampu, uipampu, ndipo inakamata. Shemeji hana kosa. Gia ni za kawaida."

Ndipo nikajua mche wangu wa sabuni ulikokwenda, ule ambao kwa ajili yake niliwapigia kelele watoto wa jirani. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimengoja waangue kicheko, nikajikaza. Badala yake watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanatazama kando, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Yule aliyetaja mkokoteni aliinama akaanza kuokota machungwa ya Mwanaharusi. Nilimtazama mume wangu pale chini, shingo yake imeloa jasho, na nikamwonea haya na huruma kwa pamoja, nisijue ipi ya kutangulia.

"Haya," mama alisema kutoka juu. "Panda. Twende polepole."

Maneno alitaka magunia yake yashushwe, yakashushwa. Gari likawa tupu na likarusha kweli, lakini mama alikuwa kwenye sponji, na mimi na Shaabani nyuma tulistahimili. Shaabani alijitafutia gogo, akalishika mapajani, na kila Ismaily alipotaka kusimama aliruka chini akalitupa mbele ya gurudumu. Dereva mzima wa malori amekuwa utingo wa gogo.

Dirisha la nyuma la kichwa lilikuwa halina kioo. Niliwaona wote wawili mgongoni. Mume wangu alikuwa amejibana kwenye mlango wake ili bega lisimguse mama, kiasi kwamba nusu ya mwili ilikuwa nje. Hakukohoa, hakutema mate, hakujikuna. Goti lake la kulia lilikuwa linapanda na kushuka, na mama alikuwa analiona. Baada ya kupita Mkuranga nikaona kanga ya mama inasogea karibu na mdomo. Alikuwa anasema naye. Sikusikia neno kwa ajili ya upepo, na miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawaona wakizungumza zaidi ya salamu.

Mjini walimpokea, wakamlaza siku hiyo hiyo. Shaabani akabaki na mama wodini. Nilimkuta Ismaily nje, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, gari liko mbali naye kama si lake. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya njia nzima. Nilipomwona yakanikauka, nikakaa.

"Mama kakwambia nini?" nilimuuliza.

Akalitazama gari kule mbali.

"Kanikumbusha siku niliyokuja na mjomba kuposa kwenu," alisema. "Nilikuja nimempakia kwenye baiskeli, tukaparamia ua wa jiko lenu, mjomba akaangukia kwenye vyungu."

Hiyo naijua. Nyumba yetu haicheki bila kuitaja.

"Kasema nilisimama palepale, na vumbi langu, nikasema mbele ya wazee: baiskeli haina breki, na si yangu, nimeazima. Kasema baba yako alitaka kukataa. Yeye mama ndiye aliyemwita baba yako ndani akamwambia, mpe, huyu hatamdanganya mwanao."

Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Halafu kaniuliza yule kijana yuko wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu," Ismaily alisema. "Nilikuwa napampu breki."