Dawa Iliyogoma Kuyeyuka

Dawa ile ya minyoo ilikuwa na kiburi. Ukiitia kwenye maji inaelea, ukiikoroga inazama, ukiiacha inakutazama. Kuyeyuka, ng'o. Mtoto akiinywa, sehemu kubwa ilipita tumboni kama mgeni asiyevua viatu, ikatoka ilivyoingia.

Araba Quansah alihangaika nayo mwaka mzima katika maabara ya famasia pale Cape Coast, Ghana. Alasiri hiyo Profesa Baidoo, msimamizi wake, angekuja kuona. Isipoyeyuka, utafiti unafungwa, meza anapewa mwingine.

Silaha ya Araba ilikuwa sukari fulani itokanayo na wanga, ambayo chembe zake zina umbo la pete: tundu lake huipakata dawa, nje huelewana na maji. Ila dawa haiingii peteni kwa kubembelezwa. Lazima vikandwe pamoja kinuni, kwa matone machache ya maji, mpaka viwe donge zito.

"Kanda hapa, nikawashe tanuri," alimwambia Fiifi, mwanafunzi mwenzake mwenye mdomo usiopumzika.

Fiifi alikanda. Donge likakaza. Naye, aliyelelewa na mama muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, akafanya kama inavyofanywa jikoni kwao unga ukigoma: akamimina maji.

Araba alirudi akakuta uji.

"Fiifi, umepika nini?"

"Lilikuwa gumu, dada. Nimelilainisha."

"Nani kakwambia nataka laini? Ugumu ndio unaoisukuma dawa ndani. Sasa vinaogelea tu, kila kimoja na njia yake."

"Basi tuuze. Mama atatutafutia wateja."

"Wateja wenye minyoo, sivyo?"

Fiifi alicheka, kisha akaona kopo la dawa: kimebaki kiasi cha mkando mmoja. Kicheko kikamkauka.

Araba hakumgombeza. Alivuta kinu, akaanza upya. Tone, anakanda. Anakwangua pembeni, anakanda. Donge lilipokaza hadi mchi ukalia, ndipo alipozidi kuegemea. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Akalifutia begani lisije likadondokea kazini. Fiifi alimtazama, akaona kwamba yeye angeshasalimu amri zamani.

Likakaushwa, likasagwa, likachekechwa.

Profesa alipofika, Araba alitia unga kwenye glasi ya maji, na chembe chache za dawa tupu alizokwangua koponi kwenye glasi nyingine. Ile tupu ikaelea kama kawaida yake. Huu mwingine ukalowa, ukashuka kama moshi, ukatoweka.

Profesa aliinua glasi dirishani.

"Umeweka kweli?"

"Nimeweka, Prof. Tupime."

Wakayachuja maji, wakayapima kwenye mashine. Dawa ilikuwemo, tele.

"Utaendelea muhula ujao," alisema Profesa.

"Asante, Prof. Lakini hii ni mara moja tu. Naomba dawa nyingine nirudie. Ikikubali tena, ndipo nitaamini."

Fiifi, ambaye kwa ushindi kama huo angekwisha kuwapigia simu shangazi zake wote, alimtazama Araba akinawa mikono taratibu, kisha akavuta kinu, akaanza kukiosha.