Ukuta Unaotazama Barabara

Mathilde alipomaliza kuchora ukuta wa nyumba yake, majirani hawakumuuliza amechora nini. Walimuuliza nani amempa ruhusa.

Ilikuwa nyumba kama nyingine zote za ile kambi ya wakimbizi, mwendo kidogo kutoka Nchelenge, Zambia: vyumba viwili vya matofali ya udongo, nyasi juu, turubai juu ya nyasi. Yeye na mume wake Albert waliijenga kwa mikono yao baada ya kukimbia vita upande wa Pweto. Kule Kongo Albert alikuwa mwalimu wa filozofia, mtu wa kuuliza maswali mpaka bukari, ugali wa kwao, inapoa mezani. Tangu wavuke mpaka alishika jembe, na maswali yakaisha. Aliongea juu ya muhogo, juu ya mvua, na juu ya siku watakayorudi.

Wazo la ukuta lilimpata Mathilde kule Kashikishi. Alikuwa amepeleka sombe, majani ya muhogo, sokoni, ikaisha mapema, akashuka ziwani kumtafuta Ba Luse, mama wa Kizambia aliyezoea kubadilishana naye majani kwa samaki. Hakumwona. Akapanda juu ya mtumbwi mkubwa uliovutwa mchangani ili atazame mbali.

Chini yake wanawake walikuwa wameanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru. Siku zote alipita katikati yao akiziba pua. Lakini kutoka juu ya ule mtumbwi aliona jambo jingine kabisa. Samaki walilala mchangani kama mikeka ya fedha, huu wa mviringo, ule mrefu, mwingine umepinda kama goti, na katikati yake kulikuwa na vijia vyembamba ambavyo wanawake waliviacha ili wapite wakigeuza samaki wao. Hakuna aliyepima chochote. Hata hivyo hapakuwa na kijia kilichokosa pa kwenda. Macho yake yakaacha samaki, yakafuata vijia. Akaona kwamba pale palipoachwa patupu ndipo palipoishika picha nzima isivunjike.

"We, Ba Mathilde!" Sauti ya Ba Luse ilimgutusha. "Unatafuta nini juu ya bwato ya kaka yangu?"

"Naangalia kazi yenu."

"Kazi gani? Ile ni samaki tu."

"Panda na weye uone."

Ba Luse alipanda akinung'unika, kitenge kikimzuia. Akatazama. Akanyoosha kidole.

"Mayo," alisema mwishowe. "Na ile ya pale, ni miye nilianika."

Mathilde alirudi nyumbani na samaki kichwani, lakini njia nzima vidole vyake vilikuwa vinachora hewani. Kesho yake alichimba udongo mwekundu kwenye kichuguu, akatafuta ule mweupe ambao kwao waliuita pemba, akakwangua masizi ya sufuria, akavichanganya na maji mazito ya muhogo ili vishike. Hakuwa na brashi. Alichora ukuta wa ubavuni kwa vidole na kwa kiganja, na mahali penye vijia aliuacha udongo wa ukuta kama ulivyo. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kuchoka bila kuhuzunika. Jioni mgongo ulimuuma, na aliufurahia ule uchungu.

Ndipo akaja Papa Ambroise, shefu wa bloku yao. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyepiga kelele kwenye biro mpaka wakachimbiwa kisima, na watu walimheshimu. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma.

"Mama Mathilde, ni muzuri. Sasa uufute."

"Niufute juu ya nini?"

"Batu ba kugawa chakula banakuya wiki inayokuya kutembelea bloku. Bakiona nyumba iko na mapambo, batasema nini? Batasema hawa banashiba, banakosa kazi, banachora. Batatupunguzia. Hauteseki weye peke yako hapa."

"Donc basi tunapaswa kufanana na mateso?"

"Tunapaswa kula."

"Papa Ambroise, njaa ninayo. Naijua kukushinda, juu ni miye napika. Lakini nani aliwaambia mutu wa njaa hana macho? Nyumba yangu haitafanya mazoezi ya kulia mbele ya wageni."

Papa Ambroise alimgeukia Albert, aliyekuwa anakwaruza matope kwenye jembe. "Mwalimu, zungumza na bibi yako." Albert alitikisa kichwa, mtikiso ambao haukuwa ndiyo wala hapana.

Siku ya soko Mathilde alikwenda tena Kashikishi. Aliporudi, ukuta ulikuwa umepakwa matope mabichi kutoka juu mpaka chini. Majirani waliinamia kazi zao kama watu wasioona. Mathilde akaweka beseni chini. Alikuwa tayari kwenda kumtoa Papa Ambroise nyumbani kwake kwa maneno ambayo hayasemwi mbele ya watoto, ndipo alipoona mikono ya Albert. Matope yalikuwa yamekaukia kwenye kucha.

"Ni weye," alisema.

"Ni miye."

"Juu ya chakula?"

Albert alikwangua ukucha mmoja. "Ningeweza kukudanganya, niseme ni juu ya chakula," alisema. "Sivyo. Kila asubuhi nilipita ubavuni kwenda shambani, nikaona ule ukuta, nikaona nyumba. Nyumba ya kweli, Mathilde. Mutu hapambi mahali anapopita. Ukipamba hapa, umesema tunabaki. Umesema hatutarudi."

Mathilde alikuwa amejiandaa kwa woga wa mume wake, si kwa huzuni yake. Alikaa kwenye beseni lililogeuzwa. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikosa pa kusimama.

"Sikuchora juu ya kubaki," alisema. "Wala juu ya kurudi. Nilichora juu niko hai leo, na leo niko hapa. Weye unangoja kuishi mpaka tufike Pweto. Tukichelewa kufika je? Hii miaka yote tunaiweka wapi?"

Lilikuwa swali, na Albert alikuwa na zamani ndefu ya maswali.  Mathilde akainuka, akachukua kata ya maji.

"Naanza tena. Na mara hii sichori ubavuni. Nachora upande wa mbele, ule unaotazama barabara. Ukitaka kufuta, futa nikiwa nasimama hapa."

Hakufuta. Alimtazama akichora, siku ya kwanza kutoka mbali, ya pili kutoka karibu. Siku ya tatu alileta udongo wa kichuguu bila kuombwa, akauweka miguuni pake, akaenda shambani.

Asubuhi ya ziara Mathilde aliamka akakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba yake, kamba zimekazwa sawasawa. Safari hii ni kazi ya Papa Ambroise. Akanywa uji wake bila haraka. Akajifunga kitenge chake kizuri. Gari lilipoingia barabarani, alichukua kisu cha jikoni, akakata kamba, moja baada ya nyingine, turubai likaanguka miguuni pake mbele ya macho ya wote.

Wageni walikuwa mwanamke wa Lusaka na muzungu mmoja mrefu. Walisimama. Mwanamke yule alisogea, akanyoosha mkono bila kugusa. Aliuliza kitu kwa Kiingereza, na Papa Ambroise, aliyekuwa mtafsiri wao, akamgeukia Mathilde huku jasho likimtoka.

"Anauliza nani alikupatia rangi na nani alikufundisha."

"Mwambie hakuna. Ni udongo. Nilijifunza kwa bamama banaoanika chisense, na macho ni yangu."

Papa Ambroise alitafsiri kwa maneno mengi kuliko yale. Mathilde hakujua Kiingereza, lakini alisikia neno *project* mara mbili, akaona yule mwanamke anatabasamu na kutoa simu apige picha.

"Hivyo sivyo alivyosema."

Alikuwa Albert, kwa Kiingereza cha vitabuni, polepole, akichagua kila neno. Alieleza kwamba hakuna mradi wowote uliomfundisha mke wake. Kisha akaendelea, na sauti ikapanda, sauti ile ya darasani ambayo Mathilde hakuisikia tangu Pweto. Baadaye alimwambia alichouliza: kama mutu anakupa chakula, anakuwa amenunua na haki ya kukuchagulia sura?  Mwanamke wa Lusaka alirudisha simu kwenye mkoba bila kupiga picha, akamshika Mathilde mkono kwa mikono yote miwili, wakaendelea na ziara yao.

Mwezi uliofuata chakula kilipunguzwa. Kilipunguzwa kambi nzima, hata bloku ambazo wageni hawakukanyaga, lakini watu wanapokuwa na njaa wanahitaji mtu wa kumlaumu mwenye jina na nyumba inayojulikana. Kisimani wanawake walinyamaza Mathilde alipofika. Mmoja alimwambia, "Pika ukuta wako sasa." Neno hilo lilimchoma, naye alilia, nyumbani, mlango umefungwa. Komite ya bloku ikamwita aombe radhi. Alikwenda, akasikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Nasikitika juu ya chakula. Ukuta hapana," akarudi kupalilia muhogo wake.

Hakuna aliyebadilika kwa siku moja. Ila mama mmoja wa nyumba ya jirani, Nkandu, alianza kumsalimu tena. Baadaye akaja kuuliza, kama anayeuliza jambo la kawaida, pemba inapatikana wapi.

Kisha mvua zikaanza, zile za kupiga mpaka ukutani. Asubuhi moja Mathilde alikuta nusu ya mchoro wa ukuta imeteremka chini, nyeupe na nyekundu zimechanganyika kwenye tope. Papa Ambroise alikuwa anapita. Akasimama, akatazama, na usoni mwake mlikuwa na kitu kati ya huruma na ushindi.

"Ona, mama. Mungu mwenyewe anafuta. Utachoka lini?"

Mathilde alikuwa tayari amekunja mikono, ndoo iko pembeni, anatafuta kwa macho mahali kijia cha kwanza kitakapopita. Mara hii alikitaka kianzie chini kabisa, karibu na mlango.

"Papa Ambroise," alisema, bila kugeuka, "sogea kidogo. Umekanyaga udongo wangu."