Wino Usiotoka

Mume wangu ni dobi, na ugonjwa wake ni doa. Akiliona popote, hata kwenye shati la mtu aliyekuja kutoa pole, hatulii mpaka alitoe. Nimeshamwambia hiyo si kazi tena, ni pepo. Maneno yangu yanaingia sikio hili yanatokea la pili.

Asubuhi ile nilimpeleka binti yetu wa miaka mitatu kupata matone ya vitamini A. Muuguzi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kutangaza, alikata ncha ya kidonge laini kwa mkasi, akamkamulia mdomoni. Akatueleza wazazi kwamba matone hayo yanalinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kupambana na surua na kuharisha. Mara moja kila miezi sita, basi. "Kizuri kikizidi ni sumu," alisema. "Ini la mtoto si pipa." Kisha akampaka wino kwenye kucha ya kidole cha mwisho, akajaza kadi, tukaondoka.

Nyumbani nilivua gauni, nikashinda jikoni, na alasiri nikaenda kuoga. Kuoga tu, jamani.

Nilipotoka, muuguzi yuleyule alikuwa mlangoni kwetu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto waliokosa. Binti yangu kaachama kama kifaranga, na mkasi uko tayari kwenye kidonge.

"Kaka, huyo ameshapata," nikasema. "Umempa mwenyewe asubuhi."

Akainua kidole cha mtoto. Kucha ilikuwa safi, haina hata alama. Nikamgeukia mume wangu, naye akajifanya anakagua pasi.

"Nilimtoa doa," akasema. "Ndimu na chumvi kidogo."

"Wino huu hautoki," muuguzi akasema kwa upole. "Tulifundishwa hivyo semina nzima. Hautoki, na kwenye kucha haupo. Kwa hiyo mtoto hajapata."

"Kwani humkumbuki?"

"Dada, leo nimehudumia watoto mia mbili. Sura sizikumbuki. Mimi naangalia kucha."

Nikakimbilia kadi. Ilikuwa mfukoni mwa gauni langu, na gauni lilikuwa kwenye kamba, limeshafuliwa. Kadi nayo ilikuwa imetakata, haina hata herufi moja. Sijawahi kumchukia mtu msafi kiasi kile.

Nikamnyakua mtoto, nikampakata. "Ukimpa tena atatapika, kichwa kitamuuma. Si umesema mwenyewe yakizidi ni sumu?"

"Nimesema. Lakini kama hajapata kabisa, macho yake je?" Na alikuwa anamwonea huruma kwelikweli. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu mwenye nia njema huwezi kumfukuza.

Mume wangu akavuta beseni. "Jipake wino," akamwambia. "Halafu nipe kidole."

Muuguzi akacheka, akajipaka. Mume wangu akapiga magoti, akasugua, akasuuza, akakausha kwa kitambaa. Muuguzi akakitazama kidole chake, kucha safi, akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Ni huyu peke yake?" akauliza.

"Na wenzake waliokuja kucheza," mume wangu akajibu. "Kumi na tisa. Sikuwatoza kitu."

Muuguzi akarudisha kidonge kwenye kopo. "Twende kwao wote, sasa hivi, kabla wenzangu hawajawafikia. Kila mama utamwambia ulichofanya." Akamkabidhi kalamu ya wino. "Anza na wako."

Mume wangu akashika kile kidole kidogo.

"Mwanangu angeumia," akaniambia, "kwa sababu ya ndimu yangu."

Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira.

Aliipaka kucha yote, akapitiliza hadi kwenye ngozi. Wino ukamrukia kwenye shati lake jeupe, kifuani. Akaliangalia lile doa. Kisha akavaa viatu, akatoka nalo mtaani.